Masikio ya Baba na Neno Kizamani

Neno kizamani nililileta nyumbani mimi mwenyewe. Nililitoa shuleni, kama watoto wengine walivyotoa chawa, na kabla sijajua lilikuwa limeenea nyumba nzima. Nasema hivi mapema ili asije mtu akasingizia wazungu, au watu wa Thika, au redio. Redio hatukuwa nayo. Ni mimi.

Shule yetu ilikuwa banda la mabati pembeni mwa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru, na mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyevaa soksi ndefu hata siku za jua kali. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mambo ya dunia yako mafungu mawili. Kunywa uji kwa kibuyu, kizamani. Kunyoa kichwa chote, kizamani. Kubeba mzigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, hiyo ndiyo ilikuwa kizamani kupita zote, na alituonyesha kwa kuinama na kukokota miguu mpaka tukatokwa na machozi kwa kucheka. Lakini Ijumaa alipotutuma tumpelekee mkewe kuni, tulizibeba kwa kamba hiyo hiyo na hakusema kitu. Mimi nikamwuliza, "Mwalimu, hii si ile ya kizamani?" Akanichapa kiboko kimoja cha mkononi. Sikuelewa nimekosa nini. Nilichoelewa ni kwamba neno lile lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua siku ya kulitumia.

Nyumbani tuliongea Kikuyu, na Kikuyu kina neno lake la zamani, tene. Ukisema mzee fulani ni wa tene, unamsogezea kiti. Anajua mipaka ya mashamba, anajua nani ni wa ukoo gani, anajua dawa ya ndama anayeharisha. Lakini kizamani tulilitamka kwa Kiswahili, katikati ya Kikuyu chetu, na mtu aliyeambiwa hivyo hakusogezewa kiti. Aliangaliwa viatu. Au miguu, kama viatu hakuwa navyo.

Basi nikamaliza darasa la nane, nikapewa kazi ya kusaidia kufundisha watoto wadogo katika banda lile lile, na nikapata mchumba. Alikuwa karani katika kiwanda cha kutia mananasi mikebeni huko Thika. Tulijuana katika kwaya ya kanisa. Aliimba sauti nzito ya chini kabisa na alikuwa na kalamu mbili mfukoni, na mimi kalamu zile zilinimaliza. Siku aliponiambia kwamba wazazi wake watakuja kwetu kuzungumza, alikuwa akipangusa baiskeli yake. Akasema bila kuniangalia, "Baba yangu ni mzee wa kanisa. Hapendi kabisa mambo ya kizamani."

"Hata sisi," nikasema. Halafu nikarudi nyumbani, nikamtazama baba.

Baba alikuwa na masikio ya wanaume wa umri wake. Yalitogwa utotoni, na tundu la ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, likapanuliwa kwa vijiti, leo kijiti chembamba, mwezi ujao kinene kidogo, mpaka ndewe zikawa pete mbili ndefu za ngozi zilizokaribia mabega. Aliyezipanua ni mama yake, cucu yangu, kwa vijiti alivyochonga mwenyewe na kuvipaka mafuta ya mbarika. Ndewe ya kushoto ilikuwa na fundo dogo la kovu, mahali ilipochanika siku baba alipoanguka kutoka mtini akiwa mvulana na cucu akaishika pamoja kwa mwiba mpaka ikapona. Katika tundu la kulia baba alitia mkebe wake wa ugoro. Kila alipoingia katika mistari ya kahawa, alizikunja pete zile na kuzipachika juu ya masikio, moja huku, moja huku, ili matawi yasizinase. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama wewe unavyokunja mikono ya shati.

Nilikuwa nimeyaona masikio hayo kila siku ya maisha yangu. Nikiwa mdogo nilikuwa natia vidole vyangu mle ndani nikichungulia, na baba akijifanya ananisikia kwa shida. Siku ile nikayaona kwa macho ya mzee wa kanisa wa Thika, na haya ikanipanda mpaka kwenye nywele.

Lazima nieleze jambo moja. Mimi nilikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo nilibeba jina la cucu, na baba aliniita mama tangu nikiwa mchanga. Si utani. Aliniita mama na akanistahi kama mama, hata nilipokuwa nikimwendesha kama mtoto wangu, na mimi nilijua kumwendesha, Mungu anisamehe. Jioni ile tulikuwa tumekaa nje tukiambua maharagwe.

"Baba, watu wa Thika wanakuja."

"Wakaribie, mama."

"Wao si watu wa mambo ya kizamani."

"Vizuri."

"Baba, masikio yako ni ya kizamani."

Akaweka ganda la haragwe chini. "Kizamani ni nini?"

Nikafungua mdomo kama mwalimu, na mwalimu akakosa jibu. "Ni kitu ambacho watu wameacha."

"Watu gani?"

"Watu, baba. Watu wote."

"Mimi sijaacha," akasema. Hakuwa anabisha. Alikuwa anataka kujua tu. "Na ugoro? Ugoro nao ni kizamani?"

Nikababaika. Mwalimu wangu wa soksi ndefu alinusa ugoro mpaka kidevu kikawa cha kahawia. "Ugoro si sana," nikasema.

"Na kuombea mvua?"

"Hiyo ni dini, baba!"

"Haya," akasema, na ukiniuliza leo alikuwa na maana gani, sijui. Mama yangu, aliyekuwa akisikiliza tokea jikoni, akapaza sauti: "Wewe msichana, si umnunulie kofia! Duka la Mhindi pale Ruiru limejaa kofia. Atayafunika, wageni wanywe chai, waende zao."

"Na wakati wa sala, mama? Atasali mbele ya mzee wa kanisa na kofia kichwani?"

Mama akarudi kwenye chungu chake. Mwanamume hasali na kofia, hilo hata yeye alilijua. Tukaendelea kuambua maharagwe, na mimi nikadhani mambo yameishia hapo.

Wiki mbili baadaye baba aliomba barua ya ruhusa kwa mzungu wa shamba. Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni, na mtu wa kwetu hakutoka hapa kwenda pale bila karatasi. Alisema anakwenda Thika kuona daktari wa mgongo. Alirudi siku ya tatu, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe kuanzia kidevuni mpaka utosini, nyuso za majirani zote zimechungulia milangoni. Alikuwa amekwenda kwa dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aliyekuwa akishona masikio ya watu. Nyama iliyozidi alikata, kilichobaki akakishona pamoja.

"Huyo dresa ni mtu wa magharibi, kule ziwani," baba alitueleza, akiongea kwa kubana meno kwa sababu ya bandeji. "Hana meno ya chini. Kwao walimng'oa akiwa mvulana. Aliniambia, 'Mzee, una bahati, masikio yanashonwa. Mimi meno yangu nani atanishonea?'" Akataka kucheka, ikamwuma.

Mama yangu hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi. "Umekwenda Thika na masikio, sasa umerudi na nini?" akamwuliza, na akaingia ndani, na siku mbili hakumwongelesha. Mimi hakuniongelesha siku nne.

Nami? Nilifurahi. Lazima niseme ukweli. Nilimwazia baba akiingia kanisani na kofia mkononi, masikio mafupi kama ya mzee yeyote wa Thika, na nikafurahi. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka giza.

Bandeji ilipotoka, masikio yalikuwa mekundu, yana mishono myeusi chini kama miguu ya siafu. Zilibaki siku sita wageni wafike. Jumapili, baba akaniambia nivae, twende kwa cucu. Kabla ya wakwe kuja ilikuwa lazima nipate baraka yake. Kwa desturi ya nyumba yetu, baba humshika binti mkono, humfikisha mbele ya nyanya yake, na nyanya humtemea mate kidogo viganjani na kifuani. Bila hiyo, mimi nilikuwa bado si wa kuolewa. Hata mimi niliyejiona wa kisasa kupita watu wote sikuwahi kuliita jambo hilo kizamani. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu nililihitaji.

Cucu alikaa upande wa Murera, katika kijiji kipya ambako watu walikuwa wamekusanywa kwa amri, nyumba zimebanana, handaki limezunguka. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, na kwa miaka mingi hakuona chochote ila mwanga wa mlangoni. Kila mtu alikuwa na namna ya kujulikana kwake. Mimi nilishikwa kichwa. Baba huchuchumaa mbele yake, naye hunyoosha mikono miwili, hutia vidole viwili katika tundu la kila ndewe, humvuta kidogo, kama unavyomvuta mbuzi mpole. "Umekuja," husema cucu. "Nimekuja, mama," husema baba. Sikumbuki hata mara moja walipoamkiana kwa njia nyingine.

Nadhani umekwisha kuona. Mimi sikuona. Wallahi, tulitembea saa mbili kutoka Ruiru, tukaonyesha karatasi zetu mara mbili njiani, nikifikiria viatu vyangu vipya, na hata mara moja halikunijia kichwani. Baba kama lilimjia hakusema.

Alichuchumaa. Cucu akanyoosha mikono. Vidole vikafika mahali pake, vikakuta hewa. Vikapanda juu, vikagusa kitu kidogo, kigumu, chenye mishono. Akairudisha mikono kifuani haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ni nani nimesema."

"Ni mimi, mwanao. Nimeyashona masikio tu."

"Sauti ni yake," cucu akasema, si kwa baba, kwa mlango. "Sauti huigwa."

Usimcheke. Miaka ile watu walikuja milangoni kwa sauti za watu wengine. Mtu aligonga akajiita mwana wa fulani, ukafungua, ukawakuta wengine nyuma yake, na asubuhi jirani yako hayupo. Cucu alikuwa amelisikia hilo likitokea nyumba ya pili kutoka kwake. Mimi nikamshika magoti. "Cucu, ni baba! Mimi nipo, ni baba!"

Akanipapasa kichwa, akanijua, na hapo ndipo akaogopa zaidi. "Wamekuleta na wewe," akasema. "Maskini. Wamekwambia useme hivyo."

Baba akaanza kumwambia mambo ya utoto wake: mbuzi aliyezaa mapacha, mto waliokuwa wakiteka maji, siku ile ya kuanguka mtini. Cucu akatikisa kichwa. "Hayo kila mtu wa rika lake anayajua. Mwanangu ana masikio niliyomtengenezea mimi. Nenda kamwambie mwanangu aje." Alikuwa ameweka fimbo yake juu ya magoti na sauti ilianza kupanda. Majirani wangesikia, na wakisikia majirani wangesikia na walinzi wa kijiji. Baba akasimama. Alisimama pale mlangoni kwa muda, mtu mzima wa ndevu za mvi, anakataliwa na mama yake mchana kweupe, na mimi ndiye nilikuwa namtazama.

Tukashika njia ya kurudi. Mara moja tu alisema, "Ameogopa. Atatulia." Lakini nilijua kwamba kwake harusi yangu ilikuwa imekwisha kusahaulika. Alichotaka ni kitu kimoja, mama yake aseme tena, "Umekuja."

Jumamosi watu wa Thika wakafika. Mama alikuwa amepika vizuri kuliko Krismasi. Mzee wa kanisa alikuwa na suti ya kaki na saa ya mnyororo, na alipoketi karibu na dirisha nikaona, chini ya kila sikio lake, mstari mweupe wa mshono wa zamani. Akamtazama baba, akatambua, akampiga bega. "Umefanya vyema. Mimi yangu niliyashona mwaka niliobatizwa."

"Na mama yako alisemaje?" baba akamwuliza.

Mzee akakoroga chai yake. "Mama yangu alikuwa amekwisha kufa," akasema.

Wakazungumza yao, wakasali, kofia zote magotini. Kila kitu kikaenda sawa, na mimi nikawa naingia na kutoka na birika nikijisikia mtu mkubwa. Halafu mzee yule akajipangusa midomo, akasema, "Sasa lililobaki ni moja. Nyanya yake amekwisha kumtemea mate?"

Mama akamtazama baba. Baba akatazama mikono yake.

"Maana," mzee akaendelea, "sisi hatuwezi kuchukua msichana ambaye hajabarikiwa na nyanya aliyempa jina. Hilo kwetu halipo."

Haiya! Birika nusura liniponyoke. Nina hasira za karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nikasema pale pale, mbele ya wazazi wanne na mchumba wangu wa kalamu mbili, "Na hiyo si ya kizamani?"

Mama akanikata jicho. Mchumba wangu akainamisha uso. Lakini mzee wa kanisa hakukasirika, akacheka kwa upole kabisa. "La, binti yangu. Kizamani ni mambo ya watu wasiotaka kwenda mbele. Mate ya nyanya ni desturi."

"Na masikio je, hayakuwa desturi?"

Akagusa sikio lake, bila kujua nadhani. Akafikiri. Nilimwona akitafuta kwa dhati, mtu mwenye elimu na biblia, na akakosa kama nilivyokosa mimi mbele ya maganda ya maharagwe. "Masikio yalikuwa ni masikio tu," akasema mwishowe, na mke wake akauliza kama kuna chai nyingine.

Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya kuni. Kichwa kilinivurugika kabisa. Kama lililo la lazima si kizamani, basi nani alisema masikio hayakuwa ya lazima? Ni mimi niliyesema. Nilimuuliza nani? Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nimelitupa neno kwa baba kama unavyotupa maji machafu nje bila kuchungulia nani anapita.

Kesho yake, Jumapili tena, baba akasema twende. Mama akamwambia, "Atakupigia kelele walinzi waje." Baba akasema, "Twende." Nikaona ametia mkebe wake wa ugoro katika mfuko wa koti, maana sikioni haukuwa na pa kukaa tena, nikadhani anampelekea mama yake ugoro kumlainisha. Wazee wa kike nao walinusa, na cucu aliupenda.

Tulipofika hakuchuchumaa. Alibaki mlangoni, akanisukuma mimi mbele. "Mpe," akaninong'oneza, akinitia mkebe mkononi.

"Cucu, ni mimi," nikasema, nikainamisha kichwa anishike. Akakishika. Nikamwekea mkebe kiganjani. Akaufungua, akausogeza puani, akasita. Akaingiza kidole.

Haikuwa ugoro. Vilikuwa vipande viwili vya ngozi, vimekauka, vyeusi, vimejikunja kama mshipi uliotupwa juani. Baba alikuwa amemwomba dresa asivitupe. Hakuwa ametuambia, wala mama, wala mimi. Nadhani hakujua mwenyewe anavihifadhi kwa nini.

Cucu akatoa kimoja, akakinyoosha polepole kati ya vidole vyake. Kisha cha pili. Akakipitia chote mpaka kidole kikafika kwenye fundo, lile kovu dogo la siku ya mtini, kikasimama hapo. Alikisugua mara nyingi.

"Huu ni mwiba wangu," akasema.

"Ndiyo, mama," baba akajibu kutoka mlangoni.

"Njoo."

Akaja, akachuchumaa. Cucu akaweka vipande vile mapajani, akanyoosha mikono miwili. Safari hii hakuirudisha. Alipita juu ya masikio yale madogo, chini, kwenye mishono, akaifuata mmoja mmoja kwa ncha ya kidole.

"Nani alikwambia ukate?"

Nilikuwa nimepiga magoti kando yao, mkono mmoja tu kutoka kwa kila mmoja. Nikamtazama baba. Baba hakunitazama.

"Hakuna, mama," akasema. "Yalikuwa yananaswa na matawi ya kahawa."

"Ungeyapachika juu."

"Nilikuwa nayapachika juu. Yalikuwa yananaswa tu."

Cucu akaipitia tena ile mishono. "Basi," akasema, "nitakujua kwa mshono. Umekuja."

"Nimekuja, mama," akasema baba.

Halafu akaniita mimi. Baba akanishika mkono, akanifikisha mbele yake nilipokuwa nimekwisha kufika. Cucu akanitemea mate viganjani, akanitemea kifuani, akaweka kiganja chake juu, kile kilichokuwa na harufu ya ule mkebe. Nilitegemea aseme mambo ya ng'ombe na watoto wengi, kama wanavyosema. Akasema, "Uzae watoto wasiokuonea haya."

Sijui kama alijua. Nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini na bado sijui. Huenda ni maneno tu aliyowaambia wasichana wote. Nilisema, "Nashukuru, cucu," na nikashindwa kuinua uso, na hakuna aliyekuwa na macho ya kuniona ila baba, na baba alikuwa anapangusa yake.

Mkebe cucu hakuurudisha. Alivirudisha vipande ndani, akaufunga katika pindo la nguo yake, na baba hakuudai.

Tulirudi jua likielekea kushuka, tukaonyesha karatasi zetu, tukakaribia Ruiru. Ili kufupisha njia tukakatiza shamba la kahawa. Baba alikuwa mbele. Alipofika kwenye mstari wa kwanza, mikono yake yote miwili ikapanda, mmoja huku, mmoja huku, kuzikunja ndewe na kuzipachika juu. Ikafika masikioni ikakosa cha kushika. Ilibaki pale hewani kidogo. Kisha akaishusha, akaitia mifukoni, akaingia katikati ya matawi.

Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia ni mimi, unajua ni mimi, kwa nini hukusema ni mimi?

Ni yeye aliyeongea. Alisimama akanisubiri nimfikie, akageuka. Hakuwa na uchungu usoni wala dhihaka. Aliuliza kama mtu anayemwuliza mkubwa wake jambo ambalo kweli halijui.

"Na sasa, mama," akasema, "mimi si wa kizamani tena?"

"La, baba," nikamwambia. "Si wa kizamani."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanishikia tawi nipite.